Mawimbi Sebuleni

Siku mashine ilipoingia sebuleni, kochi lilitoka. Nafasi ya vyote viwili haikuwepo, na kwa kuwa kochi halikuwa na taa nyekundu wala halikujua kulia piii, likashindwa kesi. Watu wawili walilibeba mzegamzega mpaka barazani, wakaliacha likiangalia barabara kama mzee aliyefukuzwa kwake. Mahali pake pakawekwa meza ya kupigia pasi, maana ilikuwa ndefu na mgonjwa angeweza kujinyoosha juu yake. Mwenye meza, ambaye ni dobi na meza hiyo ndiyo inayowalisha wote mle ndani, aliuliza yeye sasa apigie pasi wapi. Mumewe akamwambia kwenye korido kuna hewa nzuri.

Mume huyu mtaa mzima ulimwita Stoo. Alikuwa mtunza stoo wa hospitali miaka mingi, mpaka hospitali ilipoletewa kompyuta ya kuhesabu mabomba ya sindano, ikaona haina haja tena ya mtu wa kuyahesabu huku akisonya. Kazi ilikwisha, jina likabaki, na pamoja na jina likabaki jambo baya zaidi: Stoo aliamini kwamba kukaa na dawa muda wote ule kulimwingizia udaktari kupitia ngozi. Mtu akikohoa karibu naye, yeye alitaja boksi, rafu na upande wa rafu.

Mashine ilitoka hospitali hiyohiyo, siku walipouza vifaa chakavu. Ilikuwa boksi jeupe lililogeuka rangi ya meno ya mvuta sigara, lenye vitufe vyake na waya mrefu uliobeba kichwa cha chuma, bapa, mithili ya kipaza sauti kilichokanyagwa. Pesa iliyoinunua ilikuwa ya pasi ya pili, ambayo Dobi alikuwa akiiweka ndani ya soksi moja isiyo na mwenzake. Stoo alisema ameikopa. Dobi akauliza ameikopa kwa nani, maana soksi haina mdomo wa kukubali.

"Nimeikopa kwa bega lako," Stoo alijibu. "Si ndilo litakalokuwa la kwanza kupona?"

Na kweli, bega hilo ndilo lililoleta balaa lote. Kusukuma pasi asubuhi hadi jioni kulilikaza mpaka Dobi akawa hawezi kuanika shuka bila kuuma meno. Akaenda hospitali, akapelekwa kwa daktari wa mazoezi, mama mmoja mfupi mwenye viatu vya raba, ambaye alimpaka jeli ya baridi begani na kuzungusha kichwa cha mashine kama hiihii, inayotibu kwa mawimbi ya sauti. Stoo alimsindikiza. Alikaa kwenye benchi, mikono kifuani, akitazama kama mkaguzi, na walipotoka nje akasema kazi yenyewe ni kupaka na kuzungusha tu, hata yeye angeiweza akiwa usingizini. Mengi yaliyosemwa mle chumbani yalimpita. Neno moja tu ndilo lililomkaa, nalo ni seli.

Haikuchukua muda baraza likajaa. Kochi lililofukuzwa likarudishiwa heshima, likawa la wagonjwa wanaosubiri. Mama wa mayai, ambaye huuza mayai mlango wa tatu, alikuja na kiuno chake. Kinyozi wa kona akaja na kiwiko. Mwalimu mstaafu akaja na goti na gazeti. Na kila mmoja, kabla hajapakwa kitu, alisomeshwa kwanza.

Somo lilikuwa lilelile. Mwili wote umejengwa kwa seli, na seli ni nyumba ya kupanga. Nje kuna utando, huo ndio ukuta na mlango. Ndani kuna kiini, huyo ndiye mwenye nyumba. Hatoki, hafagii, anatoa amri tu. Halafu kuna vidude vinaitwa mitokondria, hivyo ni jenereta. Mtu akiumia, milango inajifunga, jenereta zinazimika, wapangaji wanakaa gizani wakilalamika, na malalamiko hayo ndiyo sisi huyaita maumivu. Sasa mawimbi yakipita yanabisha hodi kila mlango.

"Na kodi analipa nani?" aliuliza mama wa mayai, akiwa amelala kifudifudi juu ya meza ya Dobi.

"Wewe," Stoo alisema, akabonyeza kitufe cha mlio.

Mlio ulikuwa na kazi yake. Mawimbi yenyewe sikio la binadamu haliyapati, na watu wanapenda kusikia pesa yao ikihangaika. Stoo aliona ni vyema mashine ilie mara kwa mara, na mgonjwa akionekana bahili wa shukrani, ilie zaidi. Jeli ya hospitali ilipokwisha akanunua jeli ya nywele yenye harufu ya stroberi, kopo kubwa, kwa hiyo wagonjwa walitoka pale wananukia kama wametoka saluni ya kiuno. Mwalimu mstaafu alikubali kila neno la somo kwa kutikisa kichwa taratibu, msomi kwa msomi. Maisha yake yote alifundisha jiografia.

Cha ajabu ni kwamba walipona. Kiwiko cha kinyozi kilinyooka. Mama wa mayai akaanza kuinama mwenyewe kuokota noti, jambo ambalo wateja wake walikuwa wamelisahau. Hata goti la mwalimu lilipunguza makelele. Bega la Dobi peke yake ndilo lililokaidi. Kila Stoo alipolibandika kichwa cha mashine na kumuuliza kama anahisi joto, Dobi alihisi ubaridi wa stroberi na basi. Kule hospitali alikuwa akihisi joto dogo, kama mtu aliyeegemea ukuta uliopigwa na jua.

Mchana mmoja Stoo alikwenda kununua jeli, na Dobi akabaki na mashine wawili tu. Alikumbuka kitu alichokuwa akikiona kila alipokwenda kwa daktari wa mazoezi. Yule mama, kabla hajamgusa mtu, alikigeuza kichwa cha mashine kitazame juu na kukidondoshea tone la maji. Tone lilitetemeka, likachemka bila moto, likapaa kama mvuke. Maji yakicheza, alisema, mawimbi yapo. Yakitulia, mashine imelala, hata ikilia namna gani. Dobi akachukua kopo lake la kunyunyizia nguo, akawasha mashine, akageuza kichwa, akadondosha.

Taa iliwaka. Mlio ulilia. Tone lilikaa pale juu limetulia tuli, kama mgeni aliyekuja kukopa na bado anatafuta pa kuanzia.

Alitaka kucheka akaziba mdomo kwa aproni. Mtaa mzima unatibiwa na stroberi. Alijiona tayari anamwambia Stoo, anauona uso wake, analirudisha kochi ndani. Halafu akasikia fimbo ya mama mkwe ikigonga sakafu ya chumba cha nyuma, kicheko kikaisha chenyewe.

Mama mkwe ana kisukari cha siku nyingi na miguu yake imekufa ganzi. Aliwahi kukanyaga pini akatembea nayo mpaka jioni, ikaja kugunduliwa na Dobi wakati wa kumnawisha. Na bibi huyu ndiye mgonjwa wa kwanza wa Stoo kila asubuhi, bure, mguu juu ya stuli. Dobi alijua kwa nini hilo ni baya, maana aliulizwa hospitali, siku ya kwanza kabisa, kama ana sehemu yoyote isiyohisi. Daktari wa mazoezi alimweleza bila haraka huku akizungusha mkono. Mawimbi yakiwa ya kiasi, yanatikisa maji ya ndani na nje ya seli, vipovu vidogo vinacheza kwenye utando, utando unalegea, na vinavyotakiwa kupita vinapita. Yakizidi nguvu, au kichwa kikisimama mahali pamoja, vipovu vinapasuka, utando unachanika, chembe za damu zinajipanga foleni kwenye mishipa hazisogei, na joto linapika kuanzia mfupani, wala si juu ya ngozi. Asiyehisi hawezi kusema basi. Kwa hiyo kichwa hakisimami, alimwambia, ni sawasawa na pasi yako. Dobi hakushika yote, ila la pasi alilishika.

Stoo, yeye, hakisogezi. Anakibandika na kukikandamiza, anasema dawa lazima izame. Dobi alipomkumbusha ganzi ya mama, alijibiwa kwamba ganzi ndiyo hasa inayotakiwa kuamshwa, na kwamba mambo ya seli si ya kila mtu.

Kwa hiyo usalama wote wa mguu wa bibi ulikuwa ndani ya ule ubovu. Dobi akalifuta lile tone kwa kitambaa, akazima mashine, akarudi koridoni kwenye hewa nzuri.

Angeweza kukaa kimya hivyo mpaka leo. Kilichomshinda ni shati la kinyozi.

Ilikuwa Jumamosi, sebule imejaa, na Dobi anapita katikati ya watu na rundo la mashati mpaka kidevuni, akiomba njia ndani ya nyumba yake mwenyewe. Stoo akaona amepata mfano wa somo. Aliwaambia wagonjwa kwamba yeye na mkewe kazi yao ni moja, wote wananyoosha makunyanzi, ila mwenzake ni ya nje, yeye ni ya ndani. Na ya nje yanarudi mtu akikaa tu kitako. Watu wakacheka. Kinyozi alicheka kuliko wote, akiwa amevaa shati alilonyooshewa na Dobi asubuhi ileile, lenye mikunjo ya mkononi iliyosimama kama wembe. Dobi akaambiwa alete chai, na asitikise meza, mawimbi yasije yakapotea njia.

Alileta chai. Alitia hata sukari. Wageni walipoondoka, Stoo akajinyoosha na kusema amekuwa akifikiria, kwa jinsi kazi ilivyokua, Dobi aache mambo ya pasi awe wa kuwapokea wagonjwa mlangoni, avae kitambaa cheupe kichwani ili paonekane pana utaratibu.

Dobi akaweka kikombe chini. "Washa mashine yako," alisema.

Stoo akawasha, akidhani bega limeamua kupona. Mkewe akakigeuza kichwa kitazame juu, akakidondoshea maji.

"Unaona nini hapo?"

"Maji."

"Yanafanya nini?"

Stoo akainama, akatazama sana. "Yametulia."

"Basi na mawimbi yako yametulia hivyohivyo. Yametulia tangu siku umefukuza kochi. Kwa yule mama wa hospitali tone likiwekwa hapa linaruka. Hapa hakuna seli iliyobishiwa hodi, baba. Umepaka watu mafuta ya nywele."

Ilikuwa tamu, hakuna haja ya kudanganya. Ilikuwa tamu mpaka wakati wa kulala, na Stoo alilala ameelekea ukutani bila kutaja rafu yoyote. Dobi alidhani aibu imemwingia. Asubuhi alisikia mlango, akachungulia, akamwona mumewe anaiteremka ngazi ya baraza na boksi limefungwa kwenye blanketi, amelikumbatia kama mtoto mwenye homa, anaelekea kwa fundi redio.

Ndipo alipojua alichokifanya. Kile kitu kilikuwa kimelala salama, na yeye ndiye aliyekwenda kukiamsha, kwa sababu ya utani wa shati.

Fundi redio alikuta waya wa kichwa umekatika ndani, akauunga. Kwa kuwa ni mtu mkarimu na hajui kuacha kitu kilichofunguliwa, akaona kuna kidude kinachozuia nguvu isipande sana, akakiruka, umeme usipitie hapo. Stoo alilieleza hilo kwa furaha tupu, kama mtu aliyeongezewa nyama bila kuomba. Sasa tone likiwekwa lilikuwa halichezi tu, lilitoweka.

Dobi alikuwa na mashati ya kupeleka nyumba ya wageni, na nyumba ya wageni haimsubiri mtu. Kabla hajatoka alimshika mumewe mkono, akamwambia afanye atakalo na viuno vya watu, ila mguu wa mama asiuguse. Stoo alisema sawa, sawa, kwa mkono ule wa kufukuza nzi.

Alikwenda haraka na kurudi haraka, bega likimlalamikia njia nzima. Alipofika barazani alikuta kochi tupu, na hilo peke yake lilimtisha. Kisha akasikia harufu. Ilikuwa ni stroberi ileile, lakini safari hii iliyopikwa.

Wagonjwa wote walikuwa wamesimama mlangoni mwa sebule, maana walitangaziwa nguvu mpya. Katikati alikaa mama mkwe kwenye kiti, khanga yake nzuri mabegani, mguu juu ya stuli, na Stoo amepiga goti mbele yake, kichwa cha mashine amekibandika juu ya mfupa wa kifundo cha mguu, mahali ambapo hakuna nyama kabisa. Amekishika kwa mikono miwili. Hakisogei hata kidogo.

"Mama," Dobi alisema, "unahisi nini hapo?"

"Sihisi kitu, mkwe wangu. Ndiyo namwambia huyu aongeze."

Dobi aliupenya umati, akausukuma mkono wa mumewe kando. Stoo akamtazama kwa upole wa mtu anayetazamwa na wengi, akasema mke wangu usinikatize, seli za mama ndiyo kwanza zinafungua milango. Na mama mwenyewe akaunga mkono, akauliza kama mwanawe hana ruhusa ya kumtibu mzazi wake mpaka aombe kwa dobi. Mlangoni watu wakaguna. Dobi aliona vizuri kwamba angeweza kung'oa waya ukutani, na kesho akitoka na mashati waya ungerudi ukutani.

"Sawa," alisema. "Basi jiwekee wewe kwanza. Mfupani hivyohivyo, nguvu hiyohiyo, na usisogeze."

Stoo alicheka peke yake. Alipoona amecheka peke yake akaacha.

"Si neno baya, daktari," mama wa mayai alisema. "Hata mimi mchuzi nauonja kabla sijampa mtu."

Haikuwepo njia ya kutokea. Stoo akakaa kwenye meza ya pasi, akakunja suruali, akajipaka jeli kwenye muundi, akabandika. Akaanza somo, kwa sauti ya kujiamini, na macho yake yakizunguka kila sura. Mwili umejengwa kwa seli. Seli ni nyumba ya kupanga. Alipofika kwenye utando aliendelea vizuri, isipokuwa alimeza mate mahali ambapo kwa kawaida hamezi. Kwenye mlango paji la uso likaanza kung'aa. Alipotaja mitokondria sauti yake ilikuwa imepanda juu kama ya kijana anayebalehe, na vidole vya mguu ule vimeachana kila kimoja upande wake, lakini mkono haukusogea, kwa sababu watu walikuwa wakiutazama mkono.

"Na mwenye nyumba anasemaje?" aliuliza mwalimu mstaafu, aliyekuwa na hamu ya kweli ya kujua.

"Mwenye nyumba," Stoo alisema. "Mwenye nyumba anasema... anasema..."

Alichosema mwenye nyumba hakiandikiki. Stoo aliruka kutoka mezani akiwa amekumbatia muundi, akaipiga stuli teke, akazunguka sebule kwa mguu mmoja mpaka akafika kwenye pazia na kujishikiza hapo. Kichwa cha mashine kilianguka sakafuni kikitazama juu, na jeli iliyobaki juu yake ikawa inarukaruka na kutema matone kama mafuta kwenye kikaango. Dobi akainyunyizia maji ya kopo lake. Matone yakapaa moshi mweupe, mdogo, mbele ya macho ya wote.

"Hayo ndiyo mawimbi," alisema, akachomoa waya. "Mashine hii imetengenezwa juzi. Siku zote mlizokuwa mkiwekewa, ilikuwa imekufa."

Watu walitazamana kama abiria walioambiwa basi walilolipanda halikuwa na dereva na wameshafika. Kinyozi alikunja kiwiko, akakinyoosha, akakikunja tena. Akasema lakini yeye alipona. Mama wa mayai akajishika kiuno, akasema hata yeye. Mwalimu mstaafu alikunja gazeti lake mara mbili, akakohoa kidogo.

"Kwa hiyo," alisema, "hakuna uwezekano tukarudishiwa ile ya zamani?"

Walicheka mpaka wakashikana. Stoo kwenye pazia hakucheka. Na Dobi hakuwasikia, kwa sababu alikuwa amepiga magoti anaifuta jeli kwenye mguu wa mama mkwe kwa aproni yake. Chini ya jeli palikuwa na alama nyekundu, upana wa kifungo cha koti, na katikati pameumuka peupe. Mama mkwe akauliza wanacheka nini, mbona yeye hawamwambii. Alikuwa hahisi kitu.

Hospitali walikaa kwenye benchi lilelile. Daktari wa mazoezi aliushika ule mguu, akaugeuza kwenye mwanga, akauliza nani aliyemwekea mawimbi mtu mwenye ganzi. Stoo alitazama dari na kusema kuna mtu mmoja tu, huko mtaani.

"Ni huyu mwanangu," mama mkwe alisema, akimshika bega kwa fahari. "Naye ni daktari. Alikaa hapahapa kwenu miaka."

Yule mama mfupi hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililokuwa baya. Alimtazama Stoo usoni, akashusha macho taratibu mpaka kwenye suruali iliyokuwa imekunjwa mguu mmoja kwa sababu kitambaa kikigusa panauma, akaona muundi uliovimba.

"Na wewe alikutibu huyohuyo?"

Stoo akaushusha mguu wa suruali. Alielezwa, mbele ya mama yake na mkewe na mtu mmoja mwenye magongo aliyekuwa akisubiri zamu, kwamba mguu wake utapona wenyewe kwa sababu ulijua kupiga kelele. Wa mama hauna kelele. Kidonda kama hiki kwa mtu wa sukari kinaweza kukauka, na kinaweza kupanda mpaka watu wakaanza kuulizana wakate wapi. Kila siku kioshwe na kufungwa, na kila siku waombe. Kisha akamwelekeza chumba cha kufungia vidonda, ambako nesi alifungua kabati, akalifunga, akamwambia Stoo akanunue bandeji nje, kompyuta inasema stoo hakuna. Stoo alizijua zilipo. Alijua rafu na upande wa rafu. Akaenda kununua.

Alimpeleka mama yake kila siku, kwa miguu yake yenye kuchechemea, na njiani watu walimwamkia daktari bila kucheka, jambo ambalo aliona afadhali wangecheka. Dobi alibaki nyumbani na pasi yake, na kila waliporudi alikiondoa kitambaa kuangalia ukingo wa kidonda kabla hata hajawapa maji. Kwa muda mrefu ukingo ulikuwa vilevile. Alikuwa akiukumbuka utamu wa ile jioni ya tone la maji, na ulikuwa umebadilika ladha. Halafu siku moja ukingo ukasogea ndani kidogo, upana wa uzi. Mama mkwe akauliza kwa nini mkwe wake analia, kidonda chenyewe hata hakiumi.

Kilipokauka kabisa, Stoo aliibeba mashine kwenye blanketi lilelile akairudisha kwa fundi redio, akamwomba auharibu ule waya kama ulivyokuwa. Fundi akataka mara mbili ya bei ya kutengeneza. Alisema kutengeneza anajua kila mtu, lakini kuharibu kitu kiendelee kuwaka taa na kulia, huo ni ufundi.

Wagonjwa walirudi kabla blanketi halijakunjwa. Wanajua kila kitu na hawataki kukumbushwa. Mwalimu mstaafu, kwa tahadhari ya kisomi, huomba tone la maji lidondoshwe kwanza, analitazama kwa miwani mpaka ahakikishe limetulia, ndipo anavua kiatu. Lakini siku hizi wanatibiwa barazani, kwenye kochi, kwa sababu meza ya pasi imerudi sebuleni na Dobi amesema atakayeigusa atanyooshwa yeye. Mama mkwe hukaa mlangoni na kitambaa cheupe kichwani, anawapokea wagonjwa na kuwaonyesha kovu, akiwaeleza kwamba yeye peke yake ndiye aliyewahi kupata mawimbi ya kweli.

Na jioni moja, mashati yakiwa bado nusu, bega la Dobi lilikataa kabisa. Pasi ilisimama hewani, haipandi wala haishuki. Stoo aliiona kutoka barazani. Aliingia na boksi chini ya kwapa, akaiondoa pasi mkononi mwa mkewe akaisimamisha mezani, akamkalisha. Akampaka stroberi. Akawasha, taa ikawaka, akakizima kitufe cha mlio, akakiweka kichwa begani, na safari hii akaanza kukizungusha, duara dogo, duara dogo, kama alivyokuwa akifanya yule mama mwenye raba. Waya umekufa, wote wawili walijua. Lakini mkono ulioshika kile chuma ulikuwa wa moto.

"Unahisi joto?" aliuliza.

"Nahisi."

Stoo akazungusha maduara mawili zaidi, kisha akashindwa kujizuia. "Hizo ni seli," alisema. "Utando unapolegea, sasa, kile kiini..."

"Nyamaza, baba," Dobi alisema, amefumba macho. "Wewe sogeza tu."